Ameitwa kambi ya kriketi na mgongo unamuuma: nimruhusu?

*"Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Temeke. Mwanangu wa pili ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Alianza kriketi shuleni akiwa darasa la tano na sasa ni mrushaji wa kasi. Ameitwa kwenye kambi ya majaribio ya timu ya vijana. Shemeji yangu anasema nisimpotezee muda, kwamba Tanzania inacheza mashindano ya daraja la chini ambayo hayaendi popote, 'mchangani wa kimataifa', na kwamba mchezo wenyewe ni wa Wahindi. Nilikwenda siku moja kuangalia mechi ili nijionee. Timu tuliyokuwa tunaishangilia ilikuwa inashinda waziwazi, lakini watu wa benchi walikuwa wanapiga kelele wakimbizane kana kwamba wanafungwa. Sikuelewa kitu. Naomba uniambie ukweli: kuna njia ya mtoto kufika mbali kupitia mashindano haya, au nimzuie asome tu? Halafu mwaka huu amekuwa akilalamika mgongo kidogo akitoka mazoezini, lakini akipumzika Jumapili unapoa."*

Mama, umeniuliza kuhusu timu, kuhusu mchezo na kuhusu masomo, kisha mgongo umeutaja mwishoni kama jambo dogo. Kwangu mimi mgongo ndio umenifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Jibu langu kwa kifupi: mruhusu aende, lakini asirushe mpira hata mmoja kambini kabla mgongo haujapimwa. Mengine yote nitakueleza kwa utaratibu.

Nianze na shemeji. Ni kweli Tanzania haichezi na India wala Australia. Tunacheza na nchi ambazo nazo zinajitafuta, kwenye mashindano ya kupanda na kushuka. Lakini kusema mashindano hayo hayaendi popote ni kutojua kilichotokea hapa hapa Dar es Salaam.

Oktoba 2008, kuanzia tarehe 4 hadi 11, jiji letu lilikuwa mwenyeji wa Ligi ya Dunia ya Kriketi, Daraja la Nne. Zilikuja Afghanistan, Hong Kong, Italia, Fiji na Jersey, na sisi wenyeji tukawa timu ya sita kwenye orodha. Daraja la Nne, mama. Juu yetu kulikuwa na madaraja matatu, na juu ya madaraja hayo ndiko waliko wakubwa wenyewe. Afghanistan walikuwa wametoka Daraja la Tano, walikolishinda kule Jersey mwezi Mei mwaka huo huo. Wakaja Dar, wakalitwaa na hili kwa kuifunga Hong Kong kwenye fainali. Januari 2009 walikuwa Buenos Aires wakicheza Daraja la Tatu, wakapanda tena. Aprili wakawa Afrika Kusini kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, na ingawa hawakufuzu, walipata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mwaka 2010 wakawa kwenye Kombe la Dunia la ova 20, yaani la mechi fupi ambazo kila timu hupiga mipira 120. Mwaka 2017 wakakubaliwa kuwa wanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, meza moja na Uingereza na India. Na mwaka 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Timu hiyo ilipita hapa, kwenye joto letu la Oktoba, nahodha wao akiwa Nowroz Mangal.

Si wao peke yao. Hong Kong iliyofungwa kwenye fainali hiyo ilikwenda Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2014, na huko ikawafunga Bangladesh nyumbani kwao. Italia, nchi ambayo mpira wa miguu umemeza kila kitu, ilifuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2026.

Sitaki nikupambie, kwa sababu ngazi hii ina pande mbili. Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, wakiongozwa na Steve Tikolo, ambaye baadaye alikuja kuinoa timu yetu ya taifa. Miaka 15 baada ya nusu fainali hiyo, Kenya walikuwa wameshuka hadi Daraja la Tatu. Sisi wenyewe tulibaki Daraja la Nne baada ya 2008, tukalicheza tena Italia mwaka 2010 na Malaysia mwaka 2012, na pale Malaysia tukashuka. Kwa hiyo shemeji anaposema kuna timu zinazozunguka tu bila kufika, hajasema uongo. Alichokosa ni kufuatilia miaka hii ya karibuni.

Mfumo ule wa madaraja ulifungwa mwaka 2019. Sasa upande wa ova 20 kila nchi mwanachama ina hadhi ya kimataifa na inaanzia kwenye mchujo wa bara lake. Septemba 2024 sehemu ya mchujo wa Afrika ilichezwa hapa Dar. Zilikuwa nchi sita, kila moja mechi tano, yote ndani ya siku sita, na zinazopita ni mbili tu. Tanzania na Malawi zikapita. Ghana, Kameruni, Lesotho na Mali zikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata timu yetu ikaenda Harare kwenye fainali ya Afrika ambako nafasi za Kombe la Dunia zilikuwa mbili. Tulifika nusu fainali. Namibia wakatufunga, wakaenda wao. Tulikuwa mechi moja tu kutoka Kombe la Dunia, mama, na sidhani kama watu 100 pale Temeke walijua siku hiyo.

Na hili ndilo linalomhusu kijana wako zaidi: mwaka 2025, kwenye mchujo wa Afrika uliochezwa Lagos, vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la umri wao kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Wengi wao walianza kama mwanao, shuleni, gongo moja likizunguka darasa zima.

Kuhusu "mchezo wa Wahindi" sitakaa sana. Jamii za Kihindi za mjini ndizo zilizoutunza mchezo huu kwa miaka mingi, viwanja na klabu, na zinastahili shukrani kwa hilo. Lakini nahodha wetu wa 2008 alikuwa Hamisi Abdallah. Kassim Nassoro na Ivan Selemani wamelibeba jina la nchi kwa miaka. Upande wa wanawake, Fatuma Kibasu amefunga mikimbio (ndiyo mabao ya kriketi) zaidi ya 100 katika mechi moja ya kimataifa ya ova 20, jambo ambalo wapigaji wengi wa nchi kubwa wanastaafu bila kulifikia. Na Watanzania wenye asili ya India waliomo timuni ni Watanzania. Sheria ya kimataifa inamtaka mchezaji awe amezaliwa nchini, au ni raia, au amekuwa mkazi kwa miaka mitatu mfululizo. Mwanao hana la kuhofia hapo.

Sasa zile kelele za benchi. Nimefurahi umeuliza, kwa sababu ukishalielewa hili utaona kwa nini mashindano ya ngazi yetu yanamchosha mchezaji kuliko watu wanavyodhani.

Ligi ya mpira wa miguu ni ya miezi. Ukiteleza Agosti, una hadi Mei kurekebisha. Mashindano yetu ni ya wiki moja. Mechi tano, timu sita, zinapita mbili. Ukifungwa mechi moja tu, unaweza kujikuta una pointi sawa na mwingine, na hapo kinachoamua ni tofauti ya kasi ya mikimbio, ambayo uwanjani sisi tunaiita ran reti. Ni ndugu wa tofauti ya mabao, ila hesabu yake ina mitego.

Chukua mikimbio yote mliyofunga kwenye mashindano, ugawe kwa ova mlizopiga. Halafu chukua mikimbio yote mliyofungwa, ugawe kwa ova mlizorusha. Toa ya pili kutoka ya kwanza. Ova, au mzunguko kama magazeti yanavyoandika, ni mipira sita.

Tuseme siku ile wapinzani walianza kupiga, wakatolewa wote kwa mikimbio 80 kwenye ova ya 13. Ungedhani tunagawa 80 kwa 13. Hapana. Timu ikitolewa yote inahesabiwa kana kwamba imetumia ova zake zote 20, kwa hiyo kasi yao ni 4.00. Sasa ni zamu yetu, tunatafuta 81. Timu nzuri inafika, hilo halina wasiwasi, na wewe pale kwenye kiti umeshaanza kutafuta maji ya kunywa. Lakini tukifika kwa raha zetu kwenye ova ya 18, kasi yetu ni 81 kugawa kwa 18, yaani 4.50. Faida ya mechi hiyo ni 0.50 tu. Tukifika kwenye ova ya 10, kasi ni 8.10, faida ni 4.10. Ushindi ni ule ule, pointi ni zile zile, ila aliyefika kwenye ova ya 10 ameondoka na akiba mara nane.

Watu wengi, hata wachezaji, wanadhani kushinda kwa wiketi 9, yaani wapigaji 9 wakiwa bado hawajatolewa, kunasaidia kuliko kushinda kwa wiketi 3. Kwenye hesabu hii wiketi ulizobakiza hazina thamani yoyote. Kinachohesabiwa ni ova. Ndiyo maana ulisikia kelele. Walikuwa wanawaambia wapigaji wasione haya kutolewa, wapige, wakimbie, muda ndio mali. Na upande wa pili wa hesabu hiyo yupo mrushaji kama mwanao: kila mpira mpana anaourusha, ule unaopita mbali na mpigaji, unawapa wapinzani mkimbio wa bure na lazima urushwe tena.

Kama unadhani ni mambo ya makaratasi tu, Februari 2010 Nepal walikuwa wenyeji wa Daraja la Tano mjini Kathmandu. Nepal, Marekani na Singapore zilimaliza zikiwa na pointi sawa. Mechi kati ya Nepal na Marekani ilisimama kwa muda kwa fujo za mashabiki, Singapore wakalalamika, hesabu zikapigwa upya na upya. Mwishowe Nepal na Marekani wakapanda kwa ran reti, Singapore wakabaki chini.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linaturudisha kwenye mgongo. Mashindano ya wiki moja maana yake mrushaji bora hapumzishwi. Kwenye ova 20 mrushaji mmoja anaruhusiwa ova 4 kwa mechi. Mechi tano ni ova 20, mipira 120. Kwenye mechi za ova 50 anaruhusiwa ova 10; mechi tano ni mipira 300. Hapo sijahesabu mazoezi ya wavuni, yale ya kurusha na kupiga ndani ya nyavu, na wavuni hakuna anayehesabu. Kijana akiona kocha yupo, anarusha mpaka jua linazama.

Mrushaji wa kasi anapotua, mguu wa mbele unapokea uzito wa mwili wake mara kadhaa kwa mpigo mmoja, na wakati huo huo kiuno kinapinda nyuma, kinaegemea upande na kujisokota. Mtu mzima mfupa wake umekomaa. Kijana wa miaka 16 anaweza kuwa mrefu kama baba yake, lakini mifupa ya pingili za chini za mgongo bado inajengeka. Ikipigwa kwa marudio bila kupumzika, inaanza kuchoka, kisha inapata ufa mdogo. Mara nyingi ufa huo huwa upande ulio kinyume na mkono anaorushia; anayerushia mkono wa kulia huumia kushoto. Dalili yake ya mwanzo ni hiyo hiyo uliyoiandika: unauma baada ya kurusha, unapoa akipumzika. Kwa sababu unapoa, kila mtu anauita uchovu.

Nimewahi kuwa na kijana mmoja wa umri huo, mrushaji mzuri kuliko wote niliokuwa nao mwaka ule. Alikuwa anapaka dawa ya kuchua kabla ya mazoezi na kumeza vidonge vya maumivu alivyonunua dukani, na hakuniambia kwa sababu aliogopa nitamtoa kwenye orodha. Siku aliyoniambia, alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Alikaa nje zaidi ya nusu mwaka. Kosa lilikuwa langu kama mwalimu wake, kwa sababu nilikuwa naona anabadilisha namna ya kutua na sikumuuliza. Tangu hapo nauliza kila siku.

Usiku huu, kabla ya chochote, mwambie asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, kisha aegemee nyuma taratibu. Afanye na mguu wa pili. Akisikia maumivu makali sehemu moja chini ya mgongo, upande mmoja, hiyo ni alama ya kumpeleka kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia. Hata asiposikia kitu, kwa historia uliyoieleza ningempeleka tu, kwa sababu kipimo hicho cha nyumbani hakitoshi kumpa ruhusa. Kwa hapa Dar, Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, wana wataalamu wa mgongo. Mkifika, semeni wazi kwamba ni mrushaji wa kriketi na maumivu yanakuja akirusha, msiishie kusema "mgongo unauma". Na mjue kwamba picha ya eksirei ya kawaida inaweza kutoka safi wakati ufa bado mchanga. Daktari akiona haja atawaandikia kipimo cha MRI au CT. Gharama ipo, najua, na kama mna bima ulizeni mapema inagusa nini.

Lakini akiwa na ganzi miguuni, mguu kukosa nguvu, shida ya kujizuia haja, au maumivu yanayomwamsha usiku, hapo msisubiri miadi. Hospitali siku hiyo hiyo.

Kama ni ufa, tiba kubwa ni kuacha kurusha kwa miezi. Atalia. Mwambie kwamba ukigunduliwa mapema mara nyingi unapona vizuri na anarudi, na kwamba wakati huo anaweza kuendelea kujifunza mambo mengine kadiri daktari atakavyoruhusu. Kama si ufa, aende kambini akiwa na mipaka. Miongozo iliyotumika kwa muda mrefu Uingereza inampa mrushaji wa kasi wa miaka 16 ova 7 mfululizo, kisha apumzike, na asirushe zaidi ya siku 4 katika kila siku 7. Hizo siku zinajumuisha za wavuni. Mnunulie daftari dogo, aandike kila siku mipira aliyorusha, shuleni, klabuni na kambini. Makocha watatu tofauti hawawezi kujua mzigo wote. Anayeujua ni yeye na daftari lake.

Kuhusu masomo, nitakueleza ninavyoona mimi. Wachezaji wetu wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia kipato, na usimtoe mtoto shule kwa kutegemea kriketi imlishe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kalenda. Mchujo wa wakubwa miaka hii umekuwa ukiangukia kati ya Septemba na Desemba, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Mwakani ndiyo zamu yake. Timu ya vijana ina ratiba yake tofauti, kwa hiyo usikisie. Nenda mwenyewe kambini siku ya kwanza, umwombe kocha mkuu ratiba ya mwaka mzima, uiweke pembeni ya kalenda ya shule. Mwulize na hili: nani anahesabu mipira ya warushaji wa kasi hapa? Akikujibu kwa jina la mtu na namna wanavyohesabu, umwache mwanao kwa amani. Akikujibu kwamba vijana wa siku hizi wanadekezwa, mrudishe naye nyumbani, na uniandikie tena tutafute sehemu nyingine ya kumlea. Kriketi ya Dar si kubwa, na mrushaji wa kasi wa miaka 16 hapotei machoni mwa watu.

Na usiende peke yako. Mwambie shemeji akusindikize, mkae upande wenye kivuli, na mbao za matokeo zikiwa mbele yenu umfanyie ile hesabu ya 81 kugawa kwa 10.